Mama anakuja Pasaka, na nilimwambia ninalala hosteli

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni msichana wa miaka 21, nipo mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, upande wa Ubungo. Kwetu ni Mbinga. Naomba jina langu lisitajwe, maana mama yangu mdogo anasoma safu hii, na akinijua atampigia mama simu kabla sijajipanga.

Mwaka wa kwanza nililala hosteli. Mwaka huu majina yalipotoka, langu halikuwemo. Mimi na mwenzangu tuliyelala chumba kimoja mwaka jana tukarudi Dar mapema, mwanzoni mwa Septemba, ili tuwahi vyumba kabla wanafunzi wengine hawajafika. Dalali alituzungusha siku tatu juani, kila tukionyeshwa chumba tunatoa hela ya usumbufu. Mwisho tukapata Kigogo. Kodi elfu 50 kwa mwezi, lazima miezi sita kwa mkupuo, na dalali achukue mwezi mmoja wake. Jumla 350,000. Tukagawana.

Mama, chumba kilinivutia. Kilikuwa kimetoka kupakwa rangi. Kuanzia sakafuni hadi juu kidogo ya goti kilikuwa na rangi ya mafuta ya bluu, kutoka hapo kwenda juu nyeupe. Mlangoni kuna kizingiti kirefu cha saruji, ukiingia lazima uinue mguu kama unapanda ngazi. Kwa wapangaji wengine niliona vitanda vimeinuliwa kwa matofali, na friji la baba wa chumba cha pili limewekwa juu ya meza ya chuma. Nilidhani ndivyo wanavyopenda kupanga vitu vyao.

Ni nyumba ya vyumba sita, korido katikati, uani kuna choo kimoja, bafu na bomba. Luku ya umeme ni moja. Ikikatika ni kesi, na mara nyingi kesi inaniangukia mimi kwa sababu ya laptop. Wananiita Msomi. Nikirudi saa mbili usiku wote wako barazani au koridoni, na kila mmoja ana swali lake: mbona umechelewa, umekula nini, yule kaka aliyekusindikiza ni nani. Jumamosi ikitokea kigodoro mtaani, muziki unapigwa hadi alfajiri na mimi nina mtihani Jumatatu. Nikaanza kuvaa hedifoni nikifika kwenye kona ya duka, naingia ndani moja kwa moja, nafunga mlango. Nyumba nzima sikuwa na mtu ninayemfahamu.

Usiku mmoja wa Novemba mvua ilinyesha tangu jioni. Mwenzangu hakuwepo, mimi nimelala. Kama saa nane usiku nikasikia mlango unagongwa kwa nguvu. Alikuwa bibi wa chumba cha mbele, anaita, "Msomi! Msomi, amka, inua vitu vyako!" Niliposhusha mguu kitandani nikakanyaga maji. Yalikuwa ya baridi na yananuka. Kijana mmoja wa nyumba ile aliingia akabeba godoro langu, akachukua laptop na begi la vitabu akavipandisha juu ya kenchi. Tukakesha koridoni tumesimama juu ya mabenchi. Kulipokucha maji yakapungua, ile rangi ya bluu ikaanza kubanduka, na chini yake nikaona mistari ya kahawia, mmoja juu ya mwingine. Ndipo nikaelewa yale matofali. Miguu iliniwasha wiki mbili.

Baada ya hapo mwenzangu akahama. Sasa anakaa Sinza, kwenye apatimenti ya vyumba viwili, maji ndani, feni, mlinzi getini. Anayelipa ni baba mmoja mtu mzima mwenye familia yake Mbezi. Mwenzangu ananiambia chumba cha pili ni cha kwangu nikitaka, bure. Halafu wiki iliyopita akaongeza kwamba yule baba ana rafiki yake ambaye ameniona kwenye picha na angependa tufahamiane.

Kuna jambo jingine linalonitesa, ingawa wengine wataliona dogo. Mwalimu wetu mmoja alitupa kazi ya kuandika tafakuri kuhusu mahali tunapoishi mjini: chumba, majirani, njia ya kwenda chuo, na matatizo ya mtaa. Mimi nikaandika kuhusu chumba ambacho hakipo. Nikakiweka ghorofani, nikaweka dirisha linalotazama miti, nikaandika juu ya utulivu. Nilipata alama nzuri, na mwalimu akasoma kipande chake mbele ya darasa. Nilitamani sakafu inimeze.

Na mama yangu anadhani bado nalala hosteli. Sikutaka kumuumiza. Yeye huwaambia majirani, "Mwanangu analala ghorofani, chuoni." Sasa ameuza kahawa, amepata nauli, anakuja Pasaka kuniona. Kodi yangu inaisha mwisho wa Februari, na mama mwenye nyumba anataka miezi sita mingine, mimi peke yangu. Bumu, yaani mkopo wangu wa kujikimu, ni elfu kumi kwa siku, likiingia la siku 60 ni laki sita, na humo kuna chakula, fotokopi na nauli. Napanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, mia sita kila moja.

Niende Sinza hata kwa miezi michache? Niombe kulala kwa rafiki hosteli zile siku za Pasaka ili mama asijue? Au niahirishe mwaka nirudi nyumbani? Nisaidie mama.

Msomi wa Kigogo

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama palepale: saa nane usiku, bibi anagonga mlango. Nitarudi hapo. Tuanze na maji, maana masika hayamsubiri mtu amalize mawazo.

Hama. Kodi ikiisha mwisho wa Februari, usilipe tena nyumba hiyo. Mwambie mama mwenye nyumba mapema, leo au kesho, ili asije kudai kwamba hukumpa taarifa. Novemba ulionjeshwa tu. Vuli ndiyo iliyokuingilia chumbani, na masika ya Machi hadi Mei ndiyo yenye maji mengi. Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu na kulikata jiji hadi baharini karibu na daraja la Selander. Kila lami inayomwagwa juu, kila kiwanja kinachosakafiwa saruji, kila paa jipya, maji yake yanateremkia kwenu. Sisi tuliokuwepo Desemba 2011 tunakumbuka. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha katika jiji hili, na familia zilizookolewa mabondeni zikapelekwa Mabwepande, kwanza kwenye mahema, kisha kwenye viwanja. Baadhi walirudi walikotoka, kwa sababu Mabwepande ni mbali mno na Kariakoo, na mtu anayeuza nyanya kwa mtaji wa siku hawezi kumaliza faida yake kwenye nauli.

Ile rangi ya bluu ilipakwa kuficha mistari. Aliyekuonyesha chumba Septemba alijua, na ndiyo maana alikuonyesha Septemba. Ninaandika hili kwa uchungu, kwa sababu kila mwaka vijana wanafika mjini wakati wa kiangazi na kuuziwa vyumba ambavyo mvua ikinyesha havikaliki.

Na maji uliyoyakanyaga hayakuwa ya mvua peke yake. Huko mabondeni, mvua kubwa ikinyesha, wapo wanaofungulia vyoo vyao vijitapike kwenye mkondo ili wasilipe gari la kunyonya. Wanaita kutapisha. Ndiyo harufu uliyoisikia, na huenda ndiyo iliyokuwasha miguu. Ikiwa ngozi bado inasumbua, au ukiharisha, nenda zahanati ukawaeleze kwamba ulisimama kwenye maji ya mafuriko. Usinunue dawa dukani kwa kubahatisha.

Hiyo ndiyo sababu ya kuhama: maji. Nataka uishike hiyo moja, kwa sababu katika barua yako nimeona sababu nyingine imejificha nyuma yake, nayo ni aibu. Umeionea aibu nyumba, ukaionea aibu korido, ukamficha mama, ukamficha mwalimu, na mwisho ukawa huna mtu Dar nzima isipokuwa yule mwenzako wa Sinza. Aibu ndiyo iliyokufikisha kwenye mlango wa ile apatimenti.

Nikwambie kidogo kuhusu hiyo Sinza. Miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na kwingineko, ikachonga barabara, ikaleta mabomba, halafu mtu akaambiwa hiki kiwanja chako, nyumba jenga mwenyewe kadiri ya uwezo wako. Wengi walianza na chumba kimoja. Watu wa Sinza hawakuumbwa tofauti na watu wa Kigogo. Wao walitanguliwa na vigingi vya wapima ardhi, na kwenu watu walitangulia, vigingi havikufika. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ya 2022 ikawahesabu 5,383,728. Ndani ya miaka kumi wameongezeka zaidi ya watu milioni moja, na kila mmoja alihitaji mahali pa kulaza ubavu siku ileile aliyofika. Mabonde yalikuwa karibu na kazi, na yalikuwa rahisi. Mtu anayeishi huko hajafanya kosa la kumfanya mtoto wa watu aone haya kumsalimia.

Sasa apatimenti. Mwanangu, ukiingia humo jiulize mkataba una jina la nani. Si lako, wala si la mwenzako. Ufunguo mtapewa, lakini siku yule baba akikasirika, au mkewe akijua, au akichoka, mtatolewa na mabegi yenu usiku wa mtihani na hamtakuwa na karatasi ya kumwonyesha mjumbe. Na huyo rafiki yake aliyekuona kwenye picha ndiye kodi ya chumba cha pili. Mwenzako amekwambia bure, halafu baadaye akakutajia bei. Sidhani kwamba ana nia mbaya na wewe. Nadhani anaogopa kukaa peke yake kwenye nyumba ile, na hilo linanihuzunisha zaidi. Usiende. Ila usimkate. Mpigie simu, mwambie unatafuta chumba cha wawili na nafasi yake ipo.

Nimesema cha wawili kwa sababu nimekaa na kalamu nikapiga hesabu zako. Daladala nne kwa siku, mia sita kila moja, ni 2,400. Kwa siku 22 za masomo ni 52,800 kwa mwezi. Unalipa kodi mbili, moja kwa mama mwenye nyumba na nyingine kwa makondakta. Ukiendelea kukaa Kigogo peke yako unatumia 102,800 kila mwezi, na bado hujanunua hata dumu la maji ya kunywa. Sasa fikiria chumba cha 120,000 mahali unapoweza kwenda chuo kwa miguu, mnagawana wawili, 60,000 kila mtu, nauli hakuna. Unabakiwa na zaidi ya elfu 40 mkononi, na zile saa unazosimama kituoni zinakuwa za kusoma. Kwa upande wenu wa Ubungo tazama Msewe, tazama Changanyikeni. Hata huko kuna makorongo, kwa hiyo usiamini jina la mtaa, amini macho yako.

Safari hii usianze na dalali. Anza na mama ntilie wa jirani na chuo, fundi wa simu, mlinzi, dada anayefua nguo za wanafunzi. Hao wanajua chumba kinachoachwa kabla mwenye nyumba hajakitangaza. Ukikipata, kiendee mara mbili: mara moja mchana, na mara moja usiku wa Jumamosi usikie mtaa unalalaje. Tazama ukuta kwa chini, uone kama umepakwa rangi nusu. Tazama kizingiti. Chungulia kwa jirani uone kitanda chake kimekaa juu ya nini. Halafu muulize jirani, usimuulize mwenye nyumba: masika iliyopita maji yalifika wapi? Jirani hana cha kuuza.

Kuhusu miezi sita kwa mkupuo: ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo jambo hili ni la mapatano. Kwa hiyo patana. Mwenye nyumba atakwambia miezi sita ndiyo utaratibu. Mwambie kwa heshima kwamba wewe ni mwanafunzi, pesa yako inaingia kila baada ya siku 60, na utalipa mitatu mitatu bila kukosa. Wapo watakaokataa. Wapo pia, hasa wazee wanaokaa nyumba moja na wapangaji, wanaopenda mwanafunzi mtulivu kuliko pesa nyingi za mtu asiyelala nyumbani. Mkataba uandikwe hata kama ni ukurasa mmoja: kodi, muda, luku inagawanywaje, maji nani analipa, notisi ni ya muda gani. Mkausaini mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa au mjumbe, na kila ukilipa chukua risiti au lipa kwa simu ubaki na ujumbe. Mkikosana baadaye, Baraza la Kata linapatanisha, na mtu mwenye karatasi husikilizwa haraka.

Jambo jingine la kuwaulizia wenzako wa Kigogo kabla hujaondoka. Mradi wa Bonde la Msimbazi umekuwa ukifidia na kubomoa nyumba katika maeneo ya mto. Fidia ya nyumba huenda kwa mwenye nyumba. Wapangaji wa vyumba hivyo sita wanapaswa kujua kama nyumba yao imo kwenye orodha, ili wasije kushtukizwa na tingatinga. Wewe umesoma, nenda ofisi ya mtaa ukaulize, halafu urudi ukawaambie barazani. Wanakuita Msomi. Basi wafanyie kazi ya msomi.

Na hapo ndipo ninarudi kwa bibi.

Umekaa naye nyumba moja tangu Septemba. Barua yako inajua rangi ya ukuta, inajua bei ya daladala, lakini haijui jina lake. Yule kijana aliyebeba laptop yako ni "kijana mmoja". Wao nao hawajui lako. Bibi alikuita Msomi saa nane usiku kwa sababu hujawahi kumpa jina jingine la kukuita. Hata hivyo alikuja. Yeye mwenyewe alikuwa na vitu vya kuinua, ana magoti ya uzee, na alivuka maji gizani kuja kugonga mlango wa mtoto anayempita kila siku na hedifoni masikioni.

Sikulaumu kwa kutafuta utulivu. Mimi nilikuja mjini mwaka 1989, nikapanga Magomeni katika nyumba ya vyumba sita kama hiyo, na mwezi wa kwanza nililia kwa sababu hata kwenda chooni ilikuwa lazima uwapite watu wanne. Wakati huo niliona ile nyumba imejengwa vibaya. Baadaye nikaumwa malaria siku tatu, na ni kwa sababu njia ya chooni inapita kwa watu wanne ndiyo maana wanne hao waligundua kwamba leo sijapita. Hiyo ndiyo faida ya korido. Ghorofani kwenye mlinzi na geti, mlango wako ukifungwa siku tatu hakuna atakayeuliza.

Maswali yao mengine ni umbea mtupu, nakubali. Hulazimiki kumweleza mtu yule kaka ni nani. Unajibu, "Nilikuwa chuo, nashukuru, habari za hapa?" na unapita, na hiyo tayari ni salamu. Lakini "mbona umechelewa" kwa msichana anayerudi saa mbili usiku akiwa peke yake ni ulinzi usiolipiwa. Siku usiporudi, huyo muulizaji ndiye atakayekuwa wa kwanza kwenda kwa mjumbe.

Ya luku malizeni kwa daftari. Pendekeza kila chumba kiandike vyombo vyake, friji, pasi, redio, taa, na mkubaliane kila chombo kinachangia kiasi gani. Laptop inakula umeme mdogo sana ukilinganisha na pasi au hita ya kuchemshia maji, na mkiweka vyombo vyote kwenye karatasi hilo litaonekana bila wewe kubishana na mtu. Hata kama umebakiza mwezi mmoja, utakuwa umewaachia kitu.

Kisha, jioni moja wiki hii, vua hizo hedifoni, nunua sukari kilo moja na majani ya chai, uende ukakae kwenye mkeka wa bibi. Mwambie jina lako. Mwambie, "Bibi, sikukushukuru kwa usiku ule." Muulize amekaa hapo tangu lini. Muulize mstari wa juu kabisa ukutani ni wa mwaka gani. Nakuhakikishia atakuonyesha kwa kidole. Muulize pia kwa nini hahami, na umsikilize hadi mwisho bila kumpa ushauri, kwa sababu katika jibu hilo kuna watoto, kuna biashara, kuna kaburi la mtu, na kuna hesabu ya nauli kama yako.

Ukitoka hapo andika tena ile tafakuri ya mwalimu. Safari hii andika rangi ya bluu. Andika kizingiti, matofali chini ya vitanda, friji juu ya meza, mabenchi koridoni, andika jinsi nyumba nzima inavyojipanga kwa ajili ya maji ambayo hakuna aliyeyataja ulipokuja kupanga. Wanaopanga miji wanahitaji maarifa hayo, na wewe unayo kwa sababu umelala ndani yake. Mpelekee mwalimu mkononi, umwambie ya kwanza uliitunga. Akiamua kukupunguzia alama, pokea. Umesema ulitamani sakafu ikumeze pale alipoisoma mbele ya darasa. Hilo halitakuachia hadi umwambie.

Kuahirisha mwaka, hapana. Huna tatizo la masomo, una tatizo la chumba.

Sasa mama. Ile ya kuazima kitanda hosteli iache. Utawalazimisha marafiki watatu waseme uongo mbele ya mtu mzima aliyesafiri kutoka Mbinga, na mama atagundua tu, atakapokuuliza sufuria yako iko wapi. Mpigie kabla hajakata tiketi. Mpigie Jumapili jioni, ametoka kanisani, ametulia. Usianze na mafuriko. Anza hivi: "Mama, nina jambo nilikuficha, na ninakuomba msamaha. Mwaka huu sikupata hosteli. Nimepanga chumba. Niliogopa utaumia." Halafu nyamaza umwache aseme. Anaweza kukasirika, anaweza kulia. Pengine atakaa kimya kidogo, kisha atauliza unakula wapi, maana mama wengi huanzia hapo. Ndipo umweleze maji, na umweleze kwamba unahama. Aibu atakayoipata kwa majirani zake kuhusu lile ghorofa ni yake na ataimaliza mwenyewe. Usimbebee. Anayepanda basi kwa pesa ya kahawa anakuja kumwona mtoto, hakuja kukagua jengo.

Akifika kituo cha Magufuli pale Mbezi, mpokee wewe mwenyewe, usitume mtu. Mpeleke chumba kipya aweke mzigo, aoge, alale. Kesho yake, kama mvua haijanyesha, mpeleke Kigogo akasalimie. Na kama amekuja na maharage, pima ya bibi kwanza.

Ukimaliza kuongea naye, niandikie. Na safari hii niandikie jina la bibi.